Server isiyo na feni niliyompelekea mama mkwe Mahajanga ilivyoniumbua

Wakuu, salaam. Hii imenitokea mimi mwenyewe, sitii chumvi. Pa kunicheka mtapaona wenyewe.

Mimi mtu wa Tanga, natengeneza kompyuta za hoteli hapa Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be. Mke wangu ni wa mji wa Mahajanga, ng'ambo bara, asili yao Ngazija.

Mwishoni mwa miaka ya sabini ukoo wao uligawanyika. Wengi walirudi Ngazija, mama mkwe akabaki na mumewe hukohuko Mahajanga, mtaa wa Antanimasaja. Mama yake mzazi, aliyerudi Ngazija, akawa anamtumia kaseti badala ya barua: salamu, habari za ndugu, dua. Bibi huyo alishafariki zamani. Sauti yake imebaki kwenye kaseti saba.

Utepe umechoka, kwa hiyo nilizihamishia kwenye kompyuta, kila kaseti mara moja tu. Nikaweka desktop ya zamani sebuleni kwa mama mkwe kama server, nikaiunganisha na spika.

Weee, ile feni! Inavuma mpaka bibi hasikiki. Mama mkwe anainamia spika, analalamika kwamba mama yake yuko mbali. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, betri ya akiba haimalizi hata kaseti moja.

Nikaanza kusaka. Mini PC za kawaida nikazikataa, ni ndogo lakini zina feni. Zile bodi ndogo zinazotumia memory card zinakula umeme kidogo, ila memory card siiamini hata kidogo.

Nikapata kiboksi cha mtumba cha aluminiamu. Hakina feni, kasha lake lina mapezi ya kutoa joto, kinakula chini ya wati kumi. Nikatia diski ya SSD, nikahamishia humo kaseti zote; ndani hakuna kinachozunguka.

Nikavuka kwa boti hadi Ankify, nikaitafuna barabara mpaka Mahajanga, nikakiwasha.

Kimya! Bibi anasikika hadi anavyovuta pumzi. Mama mkwe alilia, na mimi nikajiona profesa.

Desktop nikaifuta, nikaigawa. Ndiyo, nitukaneni tu.

Miezi mitatu baadaye mama mkwe anapiga simu, mama yake haongei tena.

Nafika, kiboksi kiko juu ya kabati, kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, kama redio na TV za nyumba ile. Na joto la Mahajanga lile! Mapezi hayakupata hewa kwa wiki kadhaa. SSD haisomeki kabisa.

Nikapandisha sauti. "Nani kafunika hiki?"

Mama mkwe akajibu kwa Kingazija, nikashika nusu, nusu nyingine akanimalizia mke wangu: "Mama yangu yumo humo. Nimwache kwenye vumbi?"

Nikanywea.

Tukarudi kwenye kaseti. Zimecheza mbili. Tano utepe umekatika au umegandana.

Nilichojifunza: mashine isiyo na feni joto inalo, tena kasha lote ndilo feni yake, iacheni wazi. Nakala moja haitoshi, hizo mbili sasa ziko sehemu tatu. Na waelezeni watu wa nyumbani, msiwaonyeshe kitufe tu mkaondoka.

Nilipomwomba radhi mama mkwe, hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, uliniambia hakipigi kelele. Hukuniambia kinachemka."

SSD bado ninayo. Aliyewahi kutoa mafaili kwenye SSD iliyokufa kwa joto aniambie hapa chini, hata kama ni kuniambia nikate tamaa.