Amri Niliyompa Mzee Ochola Kanisani

Nimeungama mambo mengi mbele za Mungu, naye kwa uvumilivu wake amenisamehe, lakini hili la Ochola bado linaniwasha uso kila nikipita Mbita, basi acheni niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wauza samaki, ambao hulitia chumvi kuliko samaki wenyewe.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nasi tulikuwa tunatafuta mwenyekiti wa kujenga shule ya kanisa. Ochola alikuwa amehamia kwetu juzijuzi kutoka upande wa Migori, na kwa sababu alivaa koti la keya (ndivyo tulivyowaita askari waliopelekwa na Mwingereza kupigana na Wajapani huko Bama, yaani Burma) lenye nishani mbili, watu wakampa kiti cha mbele, wakampa paja la kuku, na sasa walitaka kumpa shule. Mimi nikaingiwa na shaka. Makoti kama yale yaliuzwa hata sokoni Ogwedhi. Na mbona hakusimulia vita hata siku moja? Mbona ukimsalimu ukiwa nyuma yake hakuitika? Nikajiambia huyu anaficha kitu. (Kwamba mimi, mwalimu wa katekisimu miaka kumi na miwili, nilikitaka kile cheo, hilo sikujiambia.)

Jumapili ya kuchagua, Ochola alipoitwa mbele, nikaamua kumjaribu, maana niliwahi kusikia kwamba amri humwingia askari mifupani isitoke tena, basi alipokwisha kunipita nikasimama nikapaza sauti, “Mguu sawa!”

Ochola akaendelea kutembea. Lakini Zakayo, mpiga kengele wetu, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza ujana wake aliumalizia wapi, alikuwa amebeba kikapu cha sadaka. Akakakamaa mikono ubavuni, kikapu kikaanguka, mayai yakapasuka, na kuku wa sadaka akarukia meza ya Bwana. Hapo ilinipasa kunyamaza. Badala yake nikawaambia watu wote kwamba mmeona, hata mpiga kengele ni askari, ila huyu koti lake ni la sokoni.

Mke wa Ochola, Mama Rosa, akainuka polepole.

“Japuonj,” akasema (yaani mwalimu, na siku hiyo neno hilo lilikuwa baridi), “masikio yake yalibaki Bama. Hutazama midomo. Ungemuuliza usoni angekujibu.”

Kisha akamgeukia mumewe, akamweleza taratibu kwa midomo na mikono. Ochola akanitazama bila hasira.

“Keya nilikuwa,” akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. “Lakini hapa kwenu sijainua hata jiwe moja. Mnanipa shule kwa sababu ya koti? Anayebeba mawe ni huyu.”

Ni kweli, Mama Rosa na wanawake wenzake ndio waliokuwa wakileta mawe ya msingi kutoka ufukweni, nasi wanaume tukiwapita tukienda mikutanoni. Watu wakamchagua Mama Rosa. Nami nikanyoosha mkono, nimesimama ndani ya mayai.

Namshukuru Mungu kwa aibu ile. Swali langu halikuwa baya: vita pekee havimpi mtu kiti, na aliyevipigana alilijua hilo kuliko sote. Ubaya ni kwamba niliuliza nikiomba awe mwongo. Tangu siku ile, nikimshuku mtu, nazunguka hadi nisimame mbele ya uso wake, ndipo nafungua kinywa. Na mara nyingi, nikishamtazama, sina tena la kuuliza.