Taa Moja Nyekundu ya Mama Verna

Nimeona vituko vingi kwenye Bunge la jimbo letu, hapa Bismarck. Ila sikuwahi kuona mbunge akipinga muswada wake mwenyewe huku analia.

Mpaka siku ile.

Mimi naitwa Wade. Chuo nilikiacha njiani, nikaishia kubeba mafaili na kahawa ya Mheshimiwa Arlen Halvorson. Tuliivana haraka, maana wote wawili tulikuwa watu wa vituko.

Pale bungeni kuna utani wa siku nyingi. Mbunge mpya akileta muswada wake wa kwanza, wenzake wote wanabonyeza hapana. Ubao wa kura ukutani unawaka mwekundu mtupu. Mgeni anatoa macho kama kaona mzimu. Wakishamcheka vya kutosha, wanageuza kura kuwa kijani kabla Spika hajafunga.

Kinara wa utani huo alikuwa Arlen.

Desemba moja Arlen akaanguka shambani kwake. Moyo. Gari la wagonjwa likatoka wilaya ya jirani, likahangaika na theluji njia nzima.

Lilimkuta ameshapoa.

Chama kikampa kiti mkewe, Mama Verna. Akaja na muswada mmoja tu: kila wilaya ya mbali ipate gari lake la wagonjwa.

Asubuhi ya kura alifika amepaka rangi ya mdomo.

"Wade, leo si ndiyo nyekundu?"

"Inategemea na wao, mama."

"Arlen aliniambia, ukiona wamekuwashia nyekundu, ujue wewe ni mwenzao. Nimefanya mazoezi ya kushtuka kwenye kioo. Tazama."

Akashika kifua, akatoa macho. Nilicheka hadi nikamwaga kahawa.

Nikamfuata kiongozi wa wabunge wetu, mzee Gene Brandvold.

"Hakuna nyekundu leo," akasema.

"Mwenyewe anaitaka, mzee."

"Kijana, yule ni mjane. Kamera zipo. Unataka tuonekane tunamdhihaki mjane?"

"Arlen angekuwepo..."

"Arlen hayupo. Kalete kahawa."

Nikarudi mbio nimwambie mama. Nikamkuta ameshasimama anazungumza.

Spika akafungua kura.

Kijani. Kijani. Kijani ubao mzima.

Mama Verna akasubiri. Macho yake yakapita jina moja baada ya jingine, anatafuta. Lile tabasamu la kwenye kioo likaanza kumdondoka usoni.

Kisha mkono wake ukasogea.

Taa moja ikawaka nyekundu. Pembeni yake jina: Halvorson.

Nikachuchumaa kando ya kiti chake. "Mama, umekosea kitufe."

"Sijakosea."

"Geuza basi, wanafunga."

Machozi yalishafika kidevuni. "Lazima iwepo hata moja, Wade. Hiyo ya Arlen."

Spika akafunga.

Muswada ukapita. Wakasimama wote kumpigia makofi, na nyuma yangu nikasikia mmoja ananong'ona, "Masikini bibi wa watu, mashine imemchanganya."

Uchaguzi ulipofika, mpinzani wake hakuhangaika. Redioni kutwa nzima: "Verna Halvorson alipiga kura kupinga magari ya wagonjwa. Ulizeni, kumbukumbu zipo."

Nikamwambia, "Mama, waeleze watu ukweli. Utashinda."

"Nikawaambie nini? Kwamba bunge zima lilinionea huruma, hakuna hata mmoja aliyenitania?"

Alishindwa vibaya sana.

Baridi iliyofuata, moyo ukamkamata na yeye. Jikoni, peke yake.

Gari likafika chap. Lilitoka pale pale wilayani, lile la muswada wake.

Nikaenda hospitali. Chumba kimejaa maua, na mzee Gene yuko pembeni anaongea kwa sauti ya kanisani. Mama amegeukia ukutani.

Nikavua skafu yangu nyekundu, nikaiinua juu.

"Kuhusu hoja ya Mama Verna kuruhusiwa kwenda nyumbani," nikasema, "mimi kura yangu ni hapana."

Gene akanikata jicho.

Mama akageuka taratibu. Akaitazama ile skafu muda mrefu. Akashika kifua, akatoa macho, kama ile asubuhi.

Akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Halafu akalia, sikumnyamazisha.

Ukienda kwa mfiwa, ndugu yangu, nenda na pole. Lakini kama mlizoeana kwa utani, usiuache mlangoni. Kafiwa na mtu mmoja. Msimfanye awapoteze na nyinyi wote.