Mgeni Aliyepiga Hodi Ukumbini

Mwaka 2021, katika majira ya baridi ya Sydney, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu na nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Waandishi wengine huanza kumbukumbu za utoto wao pale walipokabidhiwa ubao na chaki wakiwa na miaka sita au saba. Nami nafuata desturi hiyo bila haya, kwa sababu utoto wangu wa kule Uvira, Kongo, ulikwisha nikiwabeba wadogo zangu mgongoni huku kaka zangu wakienda shule, na ule wa kusoma ukanisubiri hadi nikawa mjane katika nyumba ya matofali mtaani Fairfield. Ulianza kwa mlio wa helikopta. Ilikuja asubuhi, ikazunguka juu ya mapaa yetu, ikaondoka, ikarudi alasiri, na vioo vya madirisha vikatetemeka kila ilipopita. Chini yake nilikaa mezani na kitabu cha watoto, nikitamka ba, be, bi, bo, bu, na kila silabi niliitoa polepole kama mtu anayepima kina cha maji asiyoyajua.

Kwa sababu ya korona, mtaa wetu ulikuwa umefungwa kuliko mitaa mingine. Askari walipita kwa miguu, wawili wawili, wakibisha milango kuhakikisha kwamba waliotakiwa kukaa ndani wamekaa ndani. Viwanda vilinyamaza, soko likanyamaza, na magarimoshi yakapita yakiwa na taa tu ndani yake. Nyumba ilinuka dawa ya kusafishia, makoti yenye unyevu na hewa kavu ya hita ya gesi. Binti yangu Furaha alifanya kazi katika nyumba ya wazee. Alipotoka kazini alivua viatu nje, akapita kando ya ukuta mbali nami, akaenda kuoga bila kunigusa. Nikimwuliza habari za kazi, alinijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba kitanda kimoja zaidi kimebaki wazi. Sheria ilikataza wageni. Kwetu sisi, nyumba isiyopokea mgeni ni nyumba yenye msiba, na katika majira yale kila nyumba ilikuwa hivyo.

Mume wangu, Mwalimu Elia Mulengezi, alifariki tarehe 2 Februari 2020, kabla barabara hazijafungwa, na nashukuru kwamba alizikwa na watu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi alitaka kunifundisha kusoma. Nilikataa. Sikutaka kuwa mwanafunzi wa mtu ninayempikia. Katika mwaka wake wa mwisho mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo hadithi aliyokuwa ameibeba kichwani tangu vitani aliisimulia kwa mdomo. Aliketi jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, akarekodi sura baada ya sura. Ilimhusu mwalimu aitwaye Zakaria anayekimbia vita akiwa amebeba kengele ya shule, na kila anapofika anaipiga ili aone kama kuna watoto. Hapakuwa na karatasi hata moja. Kulikuwa na sauti yake, na nyuma ya sauti yake, mimi na masufuria yangu.

Rekodi hizo ziliwekwa katika Ukumbi. Ukumbi ulikuwa tovuti ndogo ya watu Weusi wapendao vitabu, iliyoanzishwa na Wanjiru, muuguzi Mkenya wa Toongabbie. Hapo awali walikutana katika mtandao mmoja mkubwa, lakini huko mazungumzo yao juu ya Weusi wao yalifutwa bila maelezo, na wageni wenye matusi hawakufutwa. Wanjiru akachoka kuwa mpangaji. Alinunua kompyuta iliyotumika, akaiweka kando ya mashine yake ya kufulia, na humo ndani wakajenga nyumba yao wenyewe: chumba cha Kiswahili, chumba cha Kiingereza, na rafu ya sauti ambako watu wa Nairobi, Bujumbura, Salvador na Sydney walisomeana kurasa za waandishi wao. Baada ya arobaini ya mume wangu, Wanjiru ndiye aliyenipigia simu akasema, “Mama Furaha, Mwalimu alituachia sauti. Wewe tutakufundisha herufi, na hutampikia mtu.” Nikakubali, ingawa sikufungua kitabu mpaka mwaka uliofuata, mtaa ulipofungwa.

Ukumbi ulikuwa na desturi moja iliyoupambanua. Hakuna aliyeingia kwa kujaza fomu. Mgeni aliandika “Hodi,” akangoja mlangoni mpaka wenyeji wawili wamwitikie “Karibu,” kisha akasalimia wakubwa. Wanjiru alipopendekeza kwamba wageni waulizwe majina yao kamili, alichekwa. Mzee mmoja wa Bujumbura alimwandikia, “Binti yangu, mtu amesimama mlangoni pako na wewe unamdai kitambulisho? Umekuwa polisi wa Fairfield?”

Jumapili, tarehe 18 Julai 2021, mtu aliyejiita Mpenda Hadithi alipiga hodi. Alipiga mara tatu, kwa nafasi, kama inavyotakiwa. Aliandika Kiswahili safi. Aliwapa wakubwa shikamoo mmoja mmoja. Tulikuwa tumekaa majuma bila kumfungulia mtu mlango, na kumwitikia mgeni kulikuwa ndiyo karamu pekee iliyobaki. Wawili walitosha, lakini karibu zilimiminika kutoka kila upande, nyingine zikiwa na picha za chai na maandazi. Furaha alisoma juu ya bega langu akasema, safari hii kwa Kiswahili, “Mama, mmemwandalia harusi.”

Mgeni akaingia, akanyamaza. Pembeni ya kila jina palikuwa na nukta ya kijani iliyoonyesha kwamba mtu yumo ndani. Ya Mpenda Hadithi haikuzimika. Tulipoamka ilikuwapo, tulipolala tuliiacha. Hakusoma ukurasa, hakucheka mzaha, hakumpa mtu pole, na katika juma lile watu wengi walihitaji pole. Wanjiru aliona kwamba alikuwa akifungua rafu ya sauti, na kwamba alichofungua ni rekodi za Mwalimu peke yake, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Mimi nilijiambia kwamba ni kijana mpweke anayemtafuta baba. Hata hivyo nilianza kufunika simu yangu kwa kitambaa wakati wa kuvaa, ingawa nilijua kwamba nukta haioni.

Mwezi Agosti aliniandikia mara moja tu. Nilikuwa nimefika mahali pa kuweza kusoma sentensi fupi, na hii ilikuwa ya kwanza kuandikiwa na mtu nisiyemjua. “Shikamoo mama. Je, hadithi ya Mwalimu ipo kwenye karatasi popote?” Nilijivunia kuielewa, nikamjibu kwa maneno niliyoyajua kuandika: “Marahaba. Hapana. Ni sauti tu.” Siku ya pili nukta yake ilizimika, na haikuwaka tena. Nilitarajia kuona nafuu. Badala yake nilihisi baridi, kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta mlango wa nyuma umefungwa vizuri kuliko alivyouacha.

Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2021, tarishi aliacha kifurushi kibarazani. Wanjiru alikuwa amekiona kitabu kikitangazwa mtandaoni, akakinunua, akasoma kurasa za mwanzo, na hasira ikamzuia kuendelea. Kisha alinitumia kwa posta, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia mtaani kwetu. Jalada lilikuwa na picha ya kengele. Ndani alikuwamo Zakaria, vita vyake, njia zake zote. Jina la mwandishi lilikuwa la mtu mwingine, mwenye kampuni ndogo ya kuchapisha. Silitaji hapa kwa sababu nilikubali kutolitaja, na mimi hutimiza nilichokubali.

Wanjiru alimwandikia mtu huyo. Jibu lake lilikuja kwa adabu ileile ya mlangoni. Alisema kwamba hadithi ilikuwa yake tangu zamani, kwamba aliwahi kuwatumia marafiki rasimu yake, na kwamba marehemu Mwalimu lazima aliipata mahali fulani akaisoma kwa sauti bila kumtaja mwenyewe. Alitusamehe. Hilo ndilo neno alilolitumia. Hivyo mume wangu, ambaye hakuacha shamba wala akiba, aliyeacha hadithi moja na jina safi, aligeuzwa mwizi miezi ishirini baada ya kuzikwa.

Jambo baya zaidi ni kwamba baadhi ya watu wa Ukumbi waliyumba. Hawakusema kwa ubaya. Waliandika kwamba labda Mwalimu aliazima, kwamba hadithi hupita mdomo hadi mdomo, kwamba tusubiri. Nukta za kijani zilipungua jioni baada ya jioni, na yule mzee wa Bujumbura akaacha kunisalimia. Katika chumba cha Kiingereza alikuwamo mama mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, Shangazi Dot, maana wakubwa kwao huitwa shangazi na wajomba na kila mtu. Yeye aliniachia ujumbe ambao Furaha alinifasiria. “Dada, sisi walianza kutuchukulia hadithi kabla ninyi hamjaijua ramani ya huku. Usilie mbele yao. Kisome hicho kitabu chote. Mwizi habebi vitu kwa utaratibu.”

Nikakisoma. Karantini iliisha, watu wakatoka nje, migahawa ikajaa, miti ya jakaranda ikachanua zambarau mtaani, nami nikabaki mezani na kidole changu chini ya mstari. Kwa siku nzima niliweza ukurasa mmoja, mara nyingine nusu. Nilimsikia mume wangu katika kila sentensi, na kila sentensi ilinijia kwa sauti ya mtu niliyemchukia. Furaha aliniambia nimpe yeye asome upesi. Nilimkatalia. Kama kulikuwa na kitu humo, nilitaka kukikuta mwenyewe; na kama hakukuwa na kitu, nilitaka kuwa wa kwanza kujua kwamba jina la baba yake limekwisha.

Katikati ya Novemba nilifika pale Zakaria anaporudi kwake gizani, majeshi yakiwa ng’ambo ya mto, na mkewe anafungua mlango. Nilitamka silabi kwa silabi. Mkewe akamtazama, akasema. Nikavuta pumzi. Ba, ba, fu, ra, ha. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Kitabuni, katika chapa nzuri, mke wa Zakaria alikuwa amesema hivi: “Baba Furaha, zima jiko, maharagwe yanashika chini.”

Zakaria hakuwa na mtoto aitwaye Furaha. Zakaria hakuwa na mtoto. Mwenye Furaha ni mimi, na maharagwe yalikuwa yangu, na jiko lilikuwa lile lililokuwa nyuma yangu nikisoma. Nilikumbuka siku ile waziwazi: nilikuwa nafua kibarazani, nikasikia harufu, nikapaza sauti dirishani, naye akacheka, akainuka, akazima, kisha akaendelea na hadithi yake. Yule mtu hakuketi kuandika. Aliiachia mashine isikilize na kupiga chapa, na mashine haikujua kutofautisha vita vya Kongo na chakula cha mchana cha Fairfield. Kicheko alikifuta. Maneno yangu aliyaacha, kwa sababu yalikuja mahali ambapo mke wa Zakaria alitakiwa kusema neno.

Nilimpigia Wanjiru kazini, akatoka hadi kwenye ngazi za hospitali ili anisikilize. Nikamsomea mimi, kwa mara ya kwanza nikimsomea yeye. Akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyechoka miezi mingi.

“Aki Mama Furaha. Hiyo sentensi kuna mtu ameisifu mtandaoni.”

“Ameisifu vipi?”

“Anasema maharagwe ni taifa.”

“Basi mwambie taifa liliungua kidogo,” nikamwambia, “lakini tulilila.”

Wakili wa kituo cha msaada wa sheria alichukua kitabu na rekodi, akaviweka pamoja. Hoja yake ilikuwa fupi. Kama mume wangu alisoma rasimu ya mtu huyu, ilikuwaje rasimu hiyo ikajua, kabla ya mimi kupaza sauti, kwamba nitapaza sauti? Kulikuwa na sehemu nyingine mbili kama hiyo. Katika mojawapo nilikuwa nauliza nani amechukua kisu cha vitunguu.

Shauri lilimalizika rasmi Ijumaa, tarehe 11 Machi 2022, katika chumba cha usuluhishi huko Parramatta. Nilivaa vitenge vya Jumapili na barakoa nyeupe. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na yule mtu alikuwa ameketi peke yake, kijana kuliko nilivyomfikiria, mikono mezani. Nilisimama kizingitini nikasema, “Hodi.” Aliangalia chini. Msuluhishi alikuja nyuma yangu akaniambia kwa upole kwamba ninaweza kuingia. Sikuingia. Nikarudia hodi, nikangoja, na ukimya wa chumba kile ulikuwa uleule wa nukta ya kijani, ila sasa ulikuwa na uso. Hatimaye akasema, kwa sauti ndogo, “Karibu, mama.”

Makubaliano yaliandikwa kwa lugha mbili. Kitabu kingeondolewa, na kingetolewa upya kwa jina la Mwalimu, pamoja na maneno yangu, kwa kuwa niliomba yabaki. Mkalimani alijitolea kunisomea. Nilimshukuru, nikachukua karatasi. Leo ninaweza kusoma ukurasa kama huo huku nikikoroga uji, na Furaha hunisahihisha kwa Kiswahili pale ninapoharakisha. Siku ile nilikuwa bado mtoto, na niliweka kidole chini ya mstari mbele ya watu wazima wote waliokuwamo. Nilipofika kwenye jina, yule mtu aliinua kichwa.

“Shikamoo, mama,” akasema.

E, li, a. Mu, le, nge, zi. Nilimaliza kwanza kulisoma hadi mwisho, nikatia sahihi yangu chini yake, ndipo nikamwitikia.