Nilisema Oil ya Kwanza Ni Dang'a

Admin, ficha jina langu vizuri. Kakuma ni ndogo, na watu wake wanasoma page hii kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nina mke, Nakiru, na watoto wawili, na hapa mjini wananiita Injinia. Uinjinia wenyewe niliupata juu ya lori. Nilikuwa turnboy, yaani utingo, kati ya Lodwar na Lokichoggio, nikajifunza kufunga turubai, kusukuma lori likikwama, na kuongea kama dereva. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Mwaka jana, kabla hata serikali za county hazijaanza, baba mkwe wangu aliuza ngamia akanunua pickup mpya kabisa, viti bado vina nailoni. Miaka yote kabla ya hapo mzee aliniita "huyo wa Nakiru", kana kwamba mimi ni mbuzi wa binti yake. Siku gari ilipofika, akaniita mbele ya wazee wenzake.

"Injinia, kuja hapa. Hawa watu waliniuzia wanasema nirudi mapema nimwage oil. Kitu mpya namna hii, namwaga ya nini?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa "sijui". Ni neno fupi. Lakini wazee walikuwa wamenyamaza kunisikiliza, na mzee ndiyo kwanza aniite Injinia, nikaona haya kurudi kuwa wa Nakiru. Nikaipiga bonet kofi dogo kama nilivyoona madereva wakifanya, nikasema, "Mzee, oil ya kiwandani ni dang'a." Mliokulia kwa mifugo mnaijua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza mnyama akishazaa. "Ndama akinyimwa dang'a atapata nguvu wapi? Usimwage. Wacha injini inyonye."

Wazee waliguna kwa kuridhika. Mzee alicheka akapiga fimbo chini. "Kumbe walitaka kunyima ndama yangu maziwa!" Tangu siku hiyo, nyama ikigawanywa kwake, kipande changu ni cha mtu mzima.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa familia moja. Lakini mtakumbuka kuna dada aliuliza hapa hapa kwenye page, gari mpya inamwagwa oil ya kwanza lini? Lile jibu la dang'a mlilolipenda hadi simu yangu ikaisha chaji kwa sababu ya likes, ni langu. Sikusema "nadhani". Niliandika "kwa uzoefu wangu".

Mabior alilisoma. Mabior ni mfanyabiashara wa kule kambi ya wakimbizi, ametoka Sudan Kusini, tunaimba naye kwaya moja. Naye alikuwa amenunua gari mpya ya kubebea unga na sabuni. Juzi aliniomba nimsindikize Lodwar kuchukua mzigo. Njiani injini ikaanza kugonga kama kokoto kwenye sufuria. Nikamwambia ni barabara mbaya. Mbele kidogo ikazima kabisa, tukavutwa kwa kamba mpaka gereji.

Fundi alifungua nati ya chini ya injini. Hakikumwagika kitu. Kilidondoka, kinene kama lami.

"Hii si ni ile oil ilikuja na gari?" fundi akauliza. "Chuma mpya zikisuguana zinaacha unga ndani ya oil. Ndiyo maana ya kwanza inatolewa mapema, na kwa hii vumbi yetu ni mapema zaidi. Nani alikudanganya uiache?"

Mabior alinitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. "Mtu wa Facebook," akasema.

"Ukimpata, mpatie hii anywe."

Fundi akacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko fundi mwenyewe, na ndicho kitu kinachonitafuna mpaka leo. Tulirudi Kakuma, gari ikabaki Lodwar imekufa. Mabior aliniaga tu, "Asante kwa kunisindikiza, ndugu yangu." Afadhali angenipiga.

Sasa hapa ndipo roho inanidunda. Jumamosi mzee anapeleka familia Kaikor kwenye arusi, na mke wangu na watoto wangu watakuwa ndani. Ukishapita Kaaleng, gari ikizima mnabaki na jua na maji mliyobeba. Na ile pickup nimeisikia. Imeanza kugonga, kwa mbali.

Jana nilimwendea, nikamsalimia kwa Kiturkana. "Ejok, mzee. Nipe gari nikaimwage oil kabla ya safari."

"Oil gani? Dang'a? Si wewe ndiyo ulisema isiguswe?"

"Naona sasa imetosha."

Akasugua tumbaku kiganjani, hana haraka. "Injinia. Ndama ananyonya dang'a siku ngapi?"

"Siku chache tu, mzee."

"Aya. Na hii yangu iko karibu mwaka."

Akachukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye kamba, akaivaa shingoni, akachukua kile kigoda chake cha kubeba mkononi na kuondoka. Mpaka sasa sijui kama aliniuliza swali au alinipa jibu.

Nikisema ukweli, wazee wote watajua, na nitazikwa nikiwa huyo wa Nakiru. Nikinyamaza, Jumamosi inakuja. Nakiru ameshaanza kufunga nguo za watoto, anaimba. Na Mabior nitamwangaliaje Jumapili kwenye kwaya?

Admin, nikisoma tena niliyoandika naona kuficha jina ni kazi bure. Anayetaka kunijua akatafute jibu la dang'a, jina liko pale, na picha nimeegemea gari isiyo yangu. Nishaurini, nianze na mlango wa nani?

Na wewe uliyefuata jibu langu, kabla hujaanza kunitukana, nenda kwanza ukamwage hiyo oil.