Sakafu ya Mama Deki

Ilikuwa mwaka ule upepo ulipoezua madarasa ya shule. Hapana, nakosea. Ulikuwa mwaka uliofuata, maana mwaka wa upepo mimi nilikuwa juu ya paa nagonga misumari, na mwaka huu ninaousema nilikuwa chini, kwenye korido, natengeneza madawati. Ndiyo maana niliyaona haya kwa macho yangu.

Mama Deki alikuwa mfagiaji wa shule ile. Jina lake hasa wachache walilijua. Mfupi, mpana wa mabega, kanga kaikaza kiunoni. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na alipiga deki kinyumenyume hadi mlangoni ili asikanyage alikopita. Akimaliza alisimama kizingitini akiitazama sakafu ikikauka, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mjukuu wake wa kike, yatima wa binti yake, aliyesoma hapohapo.

Mjukuu huyo alikuwa na kichwa chepesi. Alipokuja mwalimu wa Kijapani, dada mmoja mpole tuliyemwita Sensei kwa kuwa ndivyo mwalimu anavyoitwa kwao, yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Walisomea kwenye stoo, ambayo bibi yake ndiye aliyeitoa buibui. Jioni binti alimfuata bibi yake darasa hadi darasa, akibeba ndoo na kumfundisha.

"Sema, Bibi. Arigato. Ndiyo asante."

"Ariga nini? Niache, mke mwenzangu, ulimi wangu umeshakomaa. Nenda kabadilishe maji."

Kulikuwa na mpango kwamba wanafunzi wa Kijapani waje kukaa nasi kidogo, kisha wanne wa darasa la Sensei waende kwao kusoma muhula mzima.

Wageni wakaja. Siku ya kwanza kengele ya mwisho ikalia, wao hawakutoka. Walijifunga vitambaa kichwani, wakasogeza madawati, wakainama na matambara mikononi, wakawa wanakimbia nayo sakafuni toka ukuta hadi ukuta, makalio juu. Watoto wetu walivunjika mbavu.

"Oneni, wanapanda gia!"

"Yule wa nyuma kaishiwa mafuta!"

Sensei akaeleza kwamba kwao wanafunzi husafisha shule wenyewe, wajifunze kupaheshimu mahali pao. Kesho yake mjukuu wa Mama Deki akachukua tambara, wenzake wakamfuata, na kabla wiki haijaisha shule nzima ilikuwa inakimbia na matambara. Mama Deki akaja kukaa karibu nami.

"Fundi, umeona? Leo mimi bosi."

"Basi bosi niajiri."

"Nikuajiri wewe? Na msasa unaousugua kama unambembeleza mgonjwa?"

Alicheka. Lakini mikono yake alikuwa ameikalia chini ya mapaja, kama mtu asiyejua pa kuiweka.

Wageni wakaondoka, desturi ikabaki. Mkuu wa shule aliifurahia mno, akaisifu mstarini kila asubuhi, na wazazi nao wakamsifu yeye. Muhula ulipokwisha alimwita Mama Deki ofisini, akamshukuru kwa utumishi wake wa miaka mingi, akamwambia shule haina haja ya mfagiaji tena. Kibarua kikaota nyasi hivyohivyo, kwa maneno matamu. Sensei alipopata habari alikwenda kumwombea. Alitoka macho mekundu.

Wiki ileile majina ya wanne yakasomwa, na mjukuu alikuwamo. Nilikuwa kwao jioni hiyo nafunga bawaba ya mlango. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda na jiko, basi yote nikayasikia.

"Siendi," binti alisema. "Mimi ndiye niliyeanza, Bibi. Nimekufukuzisha kazi."

"Umefagia. Tangu lini kufagia kukawa dhambi?"

"Na nikienda utakula nini?"

"Nitafua nguo za watu. Kwani uchafu umekwisha duniani?"

"Bibi, mimi sitaki tena hata kukisikia hicho Kijapani."

Mama Deki akaacha mzaha. "Nisikilize. Kazi imeshakwenda, hairudi. Ukibaki hapa kunitazama, tutakuwa tumepoteza viwili. Fundi, mwambie."

Mimi niliendelea kukaza skrubu.

Binti alilia, akaenda. Mama Deki akafua nguo za watu, na mgongo ukaanza kumsumbua. Siku moja nilimkuta kwenye uzio wa shule, kashika nyaya, anachungulia darasani.

"Pembeni hawafikishi," akaniambia polepole. "Katikati wanajitahidi, watoto wa watu. Pembeni hawafikishi."

Sensei alipomaliza muda wake alipita kutuaga mmoja mmoja, hata mimi kwenye vumbi langu la mbao. Nikaweka randa chini nikamuuliza jambo. Aliinama kama wanavyoagana kwao, kisha akaenda zake. Mjukuu naye aliporudi nilimuuliza lilelile. Akatazama pembeni, akasema huko hakuwaza kuuliza. Nimewauliza na walimu wengine tangu hapo, watu waliosoma sana, nao hucheka tu wakidhani natania.

Huko kwao, kabla watoto hawajaanza kujifagilia madarasa, alikuwa anafagia nani, na walipomwambia basi, yule mama alikwenda wapi?