Mwali Aliyetoka na Paka

Chumba kilinuka liwa, manjano na mchanga wa paka. Hata leo nikipita dukani nikasikia harufu ya liwa, miguu inaniwasha, nataka kutoka. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimevunja ungo, na kwa mila ya kwetu Dunda nikawekwa ndani. Mwali hatoki. Hacheki kwa sauti, hamtazami mtu mzima usoni, na akiwa na shida humwambia somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, somo ndiye apeleke maneno. Hivyo mpaka siku ya ngoma, atolewe amefunikwa kanga, wanawake wakimwimbia. Mimi niliyekuwa nikikimbia mpaka Kaole na kurudi kwa sababu tu sina kazi nyingine, nikakalishwa mkekani, dirisha limefungwa, nasikia wenzangu wakicheza rede nje.

Mwenzangu wa kifungo alikuwa paka. Mama alifanya kazi za ndani kwa mwanamke mmoja wa Kizungu aliyefundisha chuo cha uvuvi, Mbegani. Bibi huyo alikwenda kwao likizo, akamwachia Mama paka wake na sharti moja: asitoke nje. Hakuwa kama hawa wetu wa sokoni, wembamba, wezi wa vibua. Huyu alikuwa mnene, uso wa duara kama andazi, manyoya mafupi yaliyoshikana kama zulia, rangi ya jivu, macho ya shaba. Bibi alijua baba wa paka huyo, babu yake, mpaka baba wa babu yake. "Ana nasaba kutupita sisi," Mama alisema. Jina lake Humfrey, sisi tukamwita Hamfuri. Kumtunza nikapewa mimi, maana sote wawili hatukuwa na pa kwenda. Nilimchana kwa kitana, nikambadilishia mchanga kwenye beseni, nikampa chakula chake kikavu kilichonuka kama samaki aliyesahauliwa juani. Kubebwa hakutaka. Alipenda kukaa karibu tu, mgongo wake ukigusa mguu wangu, basi. Hakulia, hakuparura, hakuomba.

Somo wangu, Bi Mwanahawa, jirani yetu, alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Kila asubuhi akinipaka liwa alianza: "Mtazame mwenzio. Ametulia, hana papara. Wewe mwana umekalia siafu?" Wanawake wakija kunitazama, huonyeshwa paka kwanza. "Angekuwa binti," mmoja akasema, "mahari yake tungeyasikia mpaka Unguja." Wakacheka. Mimi nikatazama mkeka, hasira zimenijaa kifuani, maana mwali hajibu.

Asubuhi moja Hamfuri akaacha kula. Akaenda kwenye beseni, akachutama, akakaa muda, akatoka. Mchanga mkavu. Akarudi tena, akachutama tena. Mchanga mkavu. Nilimgusa tumbo, nikakuta gumu kama ndimu mbichi, na yeye akafumba macho tu, kimya. Nikamwambia somo kama nilivyofundishwa, sauti ya chini, macho chini: paka anaumwa, Mama aambiwe. Bi Mwanahawa akamtazama, akatabasamu. "Paka akiumwa hulia. Huyu katulia. Kaa." Adhuhuri nikamwambia tena. "Mwali, sauti!" Na Mama yuko uani, ukuta mmoja tu katikati, namsikia akipepeta mchele. Nikashindwa kuvumilia. Nikaita, "Mama!" Ungo ukanyamaza. Kisha sauti yake ikaja kupitia mlangoni, taratibu, kama anayemsomesha mtoto: "Mwambie somo wako."

Sijui nilisimamaje. Nilivuta kanga, nikamfunga Hamfuri kama mtoto mchanga, nikampita Bi Mwanahawa na kibakuli chake cha liwa, nikatoka mlango wa mbele. Mchana kweupe. Uso wangu wa manjano, miguu mitupu. Dunda nzima ilisimama. "Mwali huyo!" dereva wa bodaboda akapiga kelele. "Ngoma yako iko wapi, dada?" Mwanamke wa mihogo akashika kichwa: "Yarabi! Katoka na paka badala ya ngoma!" Watoto wakanifuata wakiimba hilohilo. Nilikimbia mpaka kwa daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbuzi, akambonyeza Hamfuri tumboni na uso wake ukabadilika. "Njia ya mkojo imeziba. Huyu hafiki kesho. Mbona hamkusema?" Nikataka kumng'ata.

Alimzibua, akapona. Ngoma yangu haikupigwa, maana mwali aliyejitoa mwenyewe hutolewa tena wapi? Bi Mwanahawa alikunja mkeka wake akaondoka. Mama hakunisemesha siku nyingi, ila alisema mara moja, "Umenivua nguo mbele za watu." Lakini daktari alipoagiza paka apewe samaki wa kuchemsha na supu, ni Mama aliyekaa akichambua miiba kwa vidole vyake, mmoja mmoja. Bibi akarudi, akamchukua paka wake, akashukuru kwamba tumemtunza vizuri. Mama akaitikia ndiyo.

Sasa nina binti wa miaka sita. Wiki iliyopita mwalimu wake alinisimamisha getini: "Hongera, mama. Siku hizi ametulia, mfano kwa wenzake." Mwanangu, ambaye nyumbani hakai hata akila! Nikamwinua kidevu. Sikio limevimba, usaha umekauka mpaka shingoni, chini ya hijabu. "Mwalimu," nikasema, "huyu hajatulia. Huyu anaumwa." Akaniambia nisimpigie kelele mbele za watoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema ni nani aliyemfundisha kuficha. Mama mkwe wangu ameshaanza kuniuliza nimemwandalia somo gani. Atafundwa, sikatai, na harufu ya liwa ni nzuri. Ila maneno yake hayatapita kwa mtu mwingine kwanza. Yatakuja kwangu moja kwa moja, hata nikiwa jikoni, hata nikiwa nasali.

Siku ileile ya getini nilimpeleka zahanati, na walipomsafisha sikio alipiga ukelele, foleni nzima ikageuka. Mama mmoja mtu mzima akanikunjia uso: "Mnyamazishe mwanao, mwanangu, mtoto wa kike huyo."

"Shikamoo, mama," nikamwambia. Kisha nikainama kwa binti yangu. "Lia, mwanangu. Lia wakusikie mpaka Mbegani."