Koti la Sanamu

Katika kiwanda kidogo cha bunduki pale Ettelbruck, Luksemburgi, kila rashasha mpya ilipita kwanza mikononi mwa mjaribu silaha. Léonie, aliyejaza risasi kwenye magazini, alizijua desturi zake zote. Huchomeka pamba masikioni, hupitisha dole gumba juu ya chuma kama anayepima makali ya kisu cha mkate, hufyatulia rundo la mchanga, kisha huinama kuokota maganda moja moja na kuyatia kwenye kopo la kahawa. Neno hatoi mpaka chakula cha mchana, na hata hapo ni kuomba haradali tu.

Siku walipokuja wanunuzi kutoka ng'ambo, msimamizi Thinnes alitaka kuwafurahisha. Tangu Pasaka kiwanda hakikuwa kimeuza hata bunduki moja. Akasimamisha sanamu ya majani makavu mbele ya mchanga, akaivika koti kuukuu la sufu, la wakati wa vita. Mjaribu akainua rashasha, akaishusha. Akaiendea sanamu, akafungua vifungo kimoja kimoja kama anayemvua mtoto aliyesinzia, akalitundika koti kwenye msumari, kando ya lake.

"We mzee, unatuaibisha mbele ya wageni!" Thinnes akamnong'oneza kwa hasira. "Ni majani tu hayo!"

Mjaribu akarudi mahali pake, akaikandamiza pamba masikioni.

"Sasa ndiyo majani," akasema, akafyatua.